Nahodha Aliyegeuka Mwalimu: Kazi ya Bibi Joyce Brown katika Mpira wa Pete

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Kiongozi wa kikundi asome maswali yaliyo mwishoni kabla ya kipindi kuanza.)

Natumaini kila kikundi kimekwisha kaa, kiongozi yupo, na wenye karatasi na kalamu wamejiweka tayari, maana leo kuna hesabu ndogo za kuandika.

Somo letu linahusu mchezo. Najua yuko mtu mzima atakayesema, "Mimi nina shamba langu na watoto wangu, mchezo wa wasichana wanihusu nini?" Namwomba asiondoke. Hatutajifunza namna ya kuwa hodari wa kutupa mpira. Tutajifunza jambo linalomhusu kila mtu aliye na ujuzi, awe mkunga, mshonaji, mvuvi au mwashi. Jambo lenyewe ni hili: mtu aliyeijua kazi yake vizuri kwa mikono na miguu yake mwenyewe, afanye nini ili ujuzi huo usipotee siku nguvu zitakapopungua?

Mfano wetu ni Bibi Joyce Brown wa Australia. Alikuwa nahodha wa timu ya taifa lake katika mpira wa pete, yaani netiboli. Baadaye akawa mwalimu wa timu ya taifa hilo hilo, au kocha kama wasemavyo vijana. Akiwa nahodha, timu yake ilichukua ubingwa wa dunia mara moja. Akiwa mwalimu, timu zake ziliuchukua mara tatu: mwaka 1975, mwaka 1983 na mwaka 1991. Andikeni miaka hiyo, tutaihitaji.

1. Mchezo wenyewe

Kwanza tuufahamu mchezo, kwa sababu bila kuufahamu hatutajua nahodha hufanya nini wala mwalimu hufanya nini.

Mwaka 1891 katika mji wa Springfield, Marekani, mwalimu mmoja aitwaye James Naismith alibuni mchezo wa kutia mpira katika kikapu. Mchezo huo ulipofika Uingereza katika miaka iliyofuata, vyuo vya wasichana vya mafunzo ya viungo viliubadilisha kidogo kidogo. Kikapu kikaondolewa, pete ya chuma ikatiwa mahali pake. Kuudundadunda mpira kukakatazwa, na kiwanja kikagawanywa. Kutoka Uingereza mchezo ulisambaa na walimu wa kike wa shule katika nchi zilizokuwa chini ya Waingereza. Ndiyo maana leo wauona Australia, New Zealand, Jamaika, Malawi, Uganda, Kenya na Tanzania, wala huuoni sana Ufaransa au Marekani kwenyewe ulikotoka mzizi wake.

Timu ina wachezaji 7. Kiwanja kina urefu wa mita 30 na nusu na upana wa mita 15 na robo, kimegawanywa sehemu tatu. Nguzo ya goli ina urefu wa futi 10. Mwenye mpira hana ruhusa ya kukimbia nao, wala kukaa nao zaidi ya sekunde 3. Anayemzuia lazima asimame mbali naye futi 3. Na jambo kubwa kuliko yote: kila mchezaji ana eneo lake. Wapo wawili tu walio na ruhusa ya kufunga. Mlinzi wa goli hawezi kwenda mbele kufunga, wala mfungaji hawezi kurudi nyuma kulinda. Akivuka mstari usio wake, mwamuzi hupiga filimbi.

Sasa fikirini. Katika mpira wa miguu, nahodha akiona timu yake inazidiwa aweza kukimbia mwenyewe kutoka nyuma hadi mbele akajaribu kuokoa. Katika mpira wa pete hawezi. Mstari unamzuia. Ataona kosa likitendeka hatua kumi kutoka alipo, asiweze kulifikia. Basi nahodha wa mchezo huu hujifunza mapema kwamba kazi nyingi itafanywa na mikono ya wenziwe, wala si yake. Somo hilo ndilo mlango wa ualimu.

Kuna kanuni moja zaidi. Kila bao likifungwa, mpira huanzwa upya katikati, na timu hupokezana zamu ya kuuanzisha. Maana yake, timu mbili zinazolingana zitafungana bao kwa bao: wewe zamu yako, mimi zamu yangu. Ili ushinde lazima unase mpira katika zamu ya mwenzio na kuugeuza kuwa bao, na wewe usiupoteze wa kwako. Mara nyingine mpira mmoja tu ulionaswa ndio unaoamua saa nzima ya mchezo. Kumbukeni hilo, kwa kuwa litatokea mara mbili katika habari hii.

2. Nahodha wa mwaka 1963

Kwa miaka mingi kila nchi ilicheza kwa kanuni zake. Australia na New Zealand walipokutana mara ya kwanza mwaka 1938 huko Melbourne, New Zealand walikuwa wamezoea timu ya watu tisa, na mchezo ule ulikuwa wa watu saba. Australia walishinda kwa mabao 40 kwa 11. Pengine hata jina la mchezo halikuwa moja. Australia na New Zealand waliuita mpira wa kikapu wa wanawake mpaka mwaka 1970.

Mwaka 1960 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Ceylon, nchi ambayo leo inaitwa Sri Lanka, wakapatana juu ya kanuni moja na kuunda chama cha kimataifa. Wakaamua pia kwamba kila baada ya miaka minne yatakuwapo mashindano ya dunia. Ya kwanza yalifanyika mwezi wa Agosti mwaka 1963 huko Eastbourne, mji wa pwani kusini mwa Uingereza. Kwa kuwasaidia kukumbuka wakati, ilikuwa miezi minne kabla ya Kenya kupata uhuru wake.

Timu zilikuwa 11, na kila timu ilicheza na zote nyingine. Haya, hesabu ya kwanza: kila timu ilicheza mara ngapi? Mara 10, ndiyo. Australia, chini ya nahodha wao Joyce Brown, walishinda zote 10. Lakini msidhani ilikuwa rahisi. Mchezo wao na New Zealand ndio ulioamua ubingwa, nao ulikwisha kwa mabao 37 kwa 36. Bao moja.

Wanawake wale hawakuwa watu wa kulipwa mshahara kwa kucheza. Walikuwa na kazi zao na nyumba zao, wakicheza kwa kupenda. Wakimaliza mashindano walirudi kazini kama watu wengine.

Tuwe na subira hapa, tumtazame mchezaji mmoja wa upande ulioshindwa. Katika timu ya New Zealand ya mwaka 1963 alikuwamo Bibi Lois Muir, mwanamke aliyewahi kuichezea nchi yake pia katika mpira wa kikapu. Tutakutana naye tena.

3. Nahodha na mwalimu si kitu kimoja

Watu wa pwani wanasema, "Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Neno nahodha limetoka katika jahazi. Nahodha wa jahazi yumo ndani ya chombo. Mawimbi yakipiga, yanampiga na yeye. Akitoa amri, anasikiwa papo hapo, na tanga likikwama aweza kulivuta kwa mkono wake.

Mwalimu wa timu hayumo chomboni. Amebaki ufukoni. Alichoweza kufanya alikifanya kabla ya safari: alichagua mabaharia, alikagua kamba, aliwafundisha kusoma upepo. Filimbi ikipigwa, kazi yake kubwa imekwisha kufanyika. Wako wachezaji mashuhuri wengi, wanawake na wanaume, ambao hawakuweza kuivumilia hali hiyo. Walijua kucheza, hawakujua kukaa.

Nataka tuyataje mambo manne ambayo nahodha lazima ajifunze upya akitaka kuwa mwalimu.

La kwanza ni kuugawa ujuzi vipande vipande. Mchezaji hodari ana ujuzi wake mwilini. Ukimwuliza, "Wafanyaje?" atakwambia, "Nafanya hivi," kisha atafanya, nawe hutaona kitu. Chukueni mfano wa kutua. Mchezaji akidaka mpira hewani, akatua kwa mguu mmoja, mguu ule ndio nanga yake. Aweza kuuzungusha mwili na kuupeleka mguu wa pili atakako. Lakini akiunyanyua mguu wa nanga, mpira lazima utoke mkononi kabla mguu ule haujarudi chini. Kwa mchezaji mkubwa hilo hutokea bila kufikiri. Kwa binti wa miaka 14 ni jambo la wiki tatu. Mwalimu mwema atamfundisha kwanza kutua bila mpira, kwa kutembea tu. Kisha kuruka na kutua. Kisha kutua na mpira aliorushiwa polepole. Kisha na mtu wa kumzuia mbele yake. Ngazi nne, na kila moja lazima ishike kabla ya kupanda ya pili.

La pili ni kuona kiwanja chote. Nahodha huona kwa macho ya mahali pake. Mwalimu lazima aone wachezaji 14 kwa pamoja, tena akumbuke alichokiona. Hapa karatasi husaidia kuliko kelele. Chora kiwanja, kigawe sehemu tatu, na kila mpira unapopotea weka alama mahali ulipopotelea. Mchezo ukiisha, hesabu alama zako. Mara nyingi utakuta watu wote wanamlaumu mfungaji, kumbe mipira mingi imepotea katikati na haikumfikia kabisa.

La tatu ni kuchagua. Nahodha hucheza na wenzake. Mwalimu ndiye anayesema nani acheze na nani akae. Leo timu huenda mashindano ya dunia na wachezaji 12, na waingiao kiwanjani ni 7. Basi watano wako nje kila wakati, na kila mmoja wao ana mama anayeamini kwamba mwanawe ameonewa. Mtu asiyeweza kumwambia rafiki yake "Leo utapumzika" na kumweleza sababu waziwazi, asiombe kazi hii.

La nne ni kunyamaza. Wakati wa mchezo, mwenye kutoa amri kiwanjani ni nahodha. Mwalimu akipiga kelele kila dakika, wachezaji watamsikiliza yeye na kuacha kutazama mpira. Manahodha wawili, chombo mrama.

4. Mwaka 1975, 1983 na 1991

Sasa turudi kwa Bibi Brown. Miaka 12 baada ya Eastbourne, yaani mwaka 1975, aliipeleka timu ya Australia kwenye mashindano ya dunia akiwa mwalimu. Mashindano yalifanyika Auckland, New Zealand. Wenyeji walikuwa na mwalimu wao mpya, aliyeanza kazi mwaka 1974. Mwalimu huyo alikuwa nani? Lois Muir, yule yule tuliyemwacha Eastbourne.

Tazameni jinsi mambo yanavyokwenda. Wanawake wawili waliokuwa timu zinazopambana mwaka 1963 wamekutana tena, na safari hii hakuna hata mmoja anayegusa mpira. Kila mmoja ameleta wasichana aliowafundisha. Australia wakawa wa kwanza, Uingereza wa pili, na New Zealand, kwao wenyewe, wakawa wa tatu.

Mwaka 1979 huko Port of Spain ubingwa uligawanywa kati ya timu tatu: Australia, New Zealand na Trinidad na Tobago, kwa kuwa zilikuwa sawa kwa pointi. Mwaka 1983 mashindano yalikuwa Singapore. Walimu wale wawili wakakutana mara nyingine, na Australia chini ya Bibi Brown wakawa mabingwa. Lakini Bibi Muir hakukata tamaa. Mwaka 1987, huko Glasgow, New Zealand waliuchukua ubingwa peke yao, naye akastaafu kazi hiyo mwaka 1988 akiwa ameifanya kwa miaka 14. Kwa hiyo tusije tukadhani kwamba aliyeshindwa Eastbourne alikuwa mtu mdogo. Aliyeshindwa vilevile alirudi nyumbani na kujenga.

Haya, mwaka 1991. Mashindano yalifanyika Sydney, nyumbani kwa Australia, na Bibi Brown alikuwa amerudi kuifundisha timu ya taifa. Nahodha wake alikuwa Michelle Fielke. Nahodha wa New Zealand alikuwa Waimarama Taumaunu. Timu hizi mbili zikafika fainali.

Mnakumbuka nilivyosema juu ya zamu za kuanzisha mpira? Basi fainali ile ilikwenda hivyo, bao kwa bao, hata sekunde za mwisho. Australia walikuwa mbele kwa bao moja, na New Zealand walikuwa na mpira wakitafuta bao la kusawazisha. Mpira ule haukufika kwa mfungaji. Walinzi wa Australia waliunasa njiani, na filimbi ikalia. Mabao 53 kwa 52.

Hesabu ya pili: toka mwaka 1963 hadi mwaka 1991 ni miaka mingapi? Miaka 28. Mwaka 1963 New Zealand walishindwa kwa bao moja, na Joyce Brown alikuwa ndani ya kiwanja. Mwaka 1991 New Zealand walishindwa tena kwa bao moja, naye alikuwa amekaa kando. Hakuwa na njia yoyote ya kuunasa mpira ule kwa mkono wake. Aliyekuwa nayo ni mlinzi aliyefundishwa kusimama mahali panapofaa, kuusoma mpira na kuruka kwa wakati wake. Kikundi chenu na kijiulize: ni kazi gani kubwa kuliko nyingine, ya mwaka 1963 au ya mwaka 1991?

Jina la Bibi Brown limeandikwa katika Ukumbi wa Heshima wa Michezo wa Australia.

5. Mbegu zilizobaki

Mwalimu hupimwa pia kwa jambo lingine: baada ya kuondoka, nini kimebaki? Tutazame wachezaji waliokuwa katika timu ya Australia ya mwaka 1991. Roselee Jencke akawa mwalimu wa timu ya Queensland Firebirds, akachukua nayo ubingwa wa ligi mwaka 2011, mwaka 2015 na mwaka 2016. Simone McKinnis akawa mwalimu wa Melbourne Vixens, akachukua ubingwa mwaka 2014 na mwaka 2020. Vicki Wilson, aliyekuwa mfungaji hodari, akafundisha timu ya taifa ya Fiji. Sitaki kusema kwamba mtu mmoja ndiye aliyewafanya wote hao kuwa walimu. Walikuwa na walimu wengine pia, na juhudi zao wenyewe. Lakini ni wazi kwamba katika nchi ile mchezaji akimaliza kucheza ana njia mbele yake. Anaona mfano, anajua inawezekana.

Na kwa walioshindwa ni vivyo hivyo. Waimarama Taumaunu, nahodha aliyeipoteza fainali ya mwaka 1991, alikuwa mwalimu wa timu ya taifa ya New Zealand kuanzia mwaka 2011 hadi mwaka 2015.

Mfano mmoja umefika hata Afrika. Norma Plummer aliichezea Australia katika miaka ya 1970. Akawa mwalimu wa timu ya taifa, ikachukua ubingwa wa dunia mwaka 2007 na mwaka 2011. Kisha akaja Afrika Kusini kufundisha, na mwaka 2019, katika mashindano ya Liverpool, Afrika Kusini walikuwa wa nne duniani. Mwaka 2023 mashindano ya dunia yalifanyika Cape Town, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Na katika mashindano hayo ndugu zetu wa Uganda walishika nafasi ya tano, jambo la kujivunia kwa Afrika Mashariki nzima.

6. Na kwetu je?

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nilichague somo hili.

Nchini Tanzania kila mwaka wasichana hucheza mpira wa pete katika mashindano ya shule: UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Kenya na Uganda nao wana mashindano yao ya shule. Viwanja vinajaa. Binti mmoja anakuwa nahodha wa shule, kisha wa wilaya, pengine hata wa mkoa. Anajulikana kwa jina. Kisha anamaliza shule. Mwaka wa pili anaolewa, au anapata kazi, au anarudi kumsaidia mama yake. Miaka mitano baadaye hakuna amwulizaye juu ya mpira. Na kule shuleni wasichana wapya wanaanzishwa na mwalimu mwenye moyo mwema, ambaye hakuwahi kucheza mchezo huu, wala hana mtu wa kumsaidia. Kila baada ya miaka minne tunaanza tena toka mwanzo, kama mtu anayelima shamba kila mwaka bila kuweka mbegu.

Hasara hiyo si ya mchezo peke yake. Binti yule alijifunza kutoa amri ikatiiwa, kushindwa bila kutukanana, kutunza saa, kusema mbele ya watu. Sifa hizo ndizo zitakiwazo katika kamati ya maji, katika chama cha ushirika, katika baraza la kijiji. Tumemfundisha kwa gharama, kisha tumemwacha akae kimya.

Najua kuna majibu matatu mtakayonipa.

Jibu la kwanza: hakuna fedha. Kweli fedha ni chache. Lakini fundi wa vyuma aweza kukunja nondo nyembamba ikawa pete yenye upana wa inchi 15. Nguzo mbili za futi 10 hukatwa popote penye miti. Mistari huchorwa kwa majivu au chokaa. Kinachobaki ni mpira na filimbi. Kikundi cha watu 20 kikichanga kidogo kidogo kitavipata.

Jibu la pili: mama mwenye watoto hana nafasi. Nami nasema hatumwombi kila siku. Jioni mbili kwa wiki, saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili, zinatosha kwa kuanza. Wanawake wa kikundi wapokezane kumwangalizia watoto. Na tusisahau kwamba mwalimu hakimbii kiwanja kizima. Mwanamke wa miaka 35, hata wa miaka 50, aweza kufundisha kutua, kudaka na kupasi akiwa amesimama. Bibi Brown na Bibi Muir walikuwa watu wazima walipofanya kazi yao kubwa.

Jibu la tatu huwa halisemwi kwa sauti: mume hatapenda, au wazee hawatapenda. Hili lisidharauliwe. Waendeeni wazee mapema, kabla ya kuanza, mwaeleze ni akina nani watakuwapo, ni mahali gani, na saa ngapi watarudi. Patanane juu ya vazi la heshima lisilomzuia mtu kukimbia. Jambo linalofanywa waziwazi, mbele ya macho ya watu, hupata marafiki upesi kuliko lile la kujificha. Na wanaume msikilizao, jambo moja nawaambia ninyi: mkeo akiombwa kuwafundisha watoto wa kijiji, kijiji kimekuheshimu na wewe.

Basi kazi ya wiki hii ni rahisi. Kila kikundi kitafute mwanamke mmoja katika eneo lake aliyewahi kuwa nahodha wa timu ya shule, miaka yoyote ile. Mwendeeni nyumbani. Msimpe hotuba. Mwombeni aje siku moja tu awaonyeshe wasichana namna ya kutua kwa mguu wa nanga. Mkuu wa shule aombwe ruhusa ya kiwanja. Baada ya siku hiyo mwulizeni yeye mwenyewe kama atapenda kurudi.

Maneno ya kukumbuka

Nahodha: kiongozi wa timu aliye ndani ya mchezo.
Mguu wa nanga: mguu wa kwanza kugusa chini mchezaji anapotua na mpira.
Kunasa mpira: kuukatiza mpira unaokwenda kwa mchezaji wa upande wa pili.
Kusawazisha: kufunga bao linalofanya timu mbili ziwe sawa.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Kwa nini nahodha wa mpira wa pete hawezi kuokoa timu yake peke yake? Toeni mfano wa kazi ya hapa kwenu iliyo na hali kama hiyo.
2. Elezeni kwa nini timu mbili zinazolingana mara nyingi huachana kwa bao moja au mawili.
3. Mtu hodari wa kazi si lazima awe mwalimu hodari wa kazi hiyo. Je, mwamjua fundi wa namna hiyo? Alipungukiwa na nini kati ya yale mambo manne?
4. Lois Muir alishindwa mwaka 1963, mwaka 1975 na mwaka 1983, akashinda mwaka 1987. Kama angekuwa mwalimu wa kijiji chenu, mngempa muda wote huo? Semeni kweli.
5. Ni akina nani katika kijiji au mtaa wenu waliokuwa manahodha wa shule? Andikeni majina yao, na nani atakwenda kwa nani kabla ya Jumamosi.

Kiongozi wa kikundi aandike majibu ya swali la tano katika daftari la kikundi, tuyatumie katika somo lijalo. Kwaherini, wasikilizaji.